Kipa Aliyezaliwa Nacala

Tarehe 2 Mei 1962, kwenye Uwanja wa Olimpiki wa Amsterdam, Benfica ya Ureno iliichapa Real Madrid 5-3 na kulibeba Kombe la Klabu Bingwa Ulaya kwa mara ya pili mfululizo. Kati ya wachezaji kumi na mmoja wa Benfica, watatu walizaliwa Msumbiji. Wawili wanajulikana na kila shabiki wa rika la baba zetu: Eusébio, aliyefunga mabao mawili ya mwisho, na Mário Coluna, aliyesawazisha kwa shuti la mbali mwanzoni mwa kipindi cha pili. Wa tatu alikuwa golini. Aliitwa Alberto da Costa Pereira, mzaliwa wa Nacala, kwenye pwani hii hii inayoshuka kutoka Kilwa, ikapita Mtwara, ikavuka mdomo wa Ruvuma. Ukilitaja jina lake leo Tanzania, wengi watakuuliza ni nani.

Hapa Kibaigwa, wilayani Kongwa, mjadala wa mpira hauna msimu. Malori yakiwa yamepanga foleni kusubiri mahindi, madalali, vibarua na madereva hukaa juu ya magunia wakabishana kuhusu Simba na Yanga mpaka jua linazama. Katika ubishi huo kipa ndiye anayeumia kuliko wote. Straika akikosa mabao manne ya wazi watu wanasema leo hakuwa na bahati. Kipa akifungwa bao moja la kizembe, basi kauza mechi, na hukumu hiyo haina rufaa. Nimeisikia hukumu hiyo tangu utotoni na sijawahi kuikubali. Ndiyo maana namwandika Costa Pereira. Katika soka la klabu barani Ulaya, taji kubwa kuliko yote alilishinda, tena mara mbili, na bado kwa wengi wanaomkumbuka picha inayokuja kwanza ni ya mpira mmoja uliomponyoka kwenye tope la Milan. Kuna sababu nyingine pia: kisa chake na kisa cha wilaya yetu ya Kongwa vilikwenda sambamba miaka ile ile, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga huku.

Alizaliwa tarehe 22 Desemba 1929. Nacala ya wakati huo haikuwa na bandari kubwa tunayoisikia sasa, ila ilikuwa na ghuba yenye kina cha ajabu, inayohesabiwa miongoni mwa bandari asilia zenye kina kirefu zaidi katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Ni nchi ya Wamakua, ndugu wa Wamakua wa Masasi na Newala. Kusini yake kidogo kiko Kisiwa cha Msumbiji, kilichofanya biashara na Kilwa na Unguja kwa karne nyingi na kuwa makao makuu ya Wareno hadi 1898, walipohamia Lourenço Marques, mji unaoitwa Maputo leo. Huko kaskazini kulibaki nyuma. Reli, viwanda, viwanja vya mpira na klabu zenye fedha vyote vilirundikana kusini, karibu na Afrika Kusini.

Costa Pereira alikuwa wa ukoo wa Kireno. Hilo lazima lisemwe wazi, kwa sababu katika koloni lile rangi ya mtu iliamua karibu kila kitu kingine. Sheria iliwagawa watu katika raia na wenyeji. Mwenyeji alilazimika kubeba pasi na kuifanyia kazi serikali kwa shuruti, na akitaka kuhesabiwa kuwa raia ilibidi athibitishe kwamba anazungumza Kireno, anavaa na kula kama Mreno, na ana kipato cha kumtosha. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1961 tu. Soka nalo lilifuata mkondo huo huo. Mjini Lourenço Marques, kwa miaka mingi Waafrika wa vitongojini walikuwa na chama chao na ligi yao, na klabu za katikati ya mji zilikuwa na ligi yao. Eusébio, mtoto wa kitongoji cha Mafalala, alikwenda kujaribiwa Desportivo, klabu iliyokuwa tawi la Benfica, akakataliwa, ndipo akaenda Sporting ya hapo hapo mjini. Costa Pereira hakukutana na ukuta wa namna hiyo. Yeye alilinda lango la Ferroviário, klabu ya reli iliyoanzishwa mwaka 1924, moja ya klabu zenye nguvu kuliko zote mjini.

Mlango ulikuwa wazi kwake. Hata hivyo, kupita mlangoni ni jambo moja, na kusimama golini mbele ya Puskás wa Real Madrid ni jambo lingine kabisa.

Mwaka 1954 Benfica ilimwita. Alikuwa na miaka 24. Mwaka huo huo klabu ilimleta Lisbon kijana mwingine wa Msumbiji, Coluna, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka ishirini. Wakati huo Benfica ilikuwa na msimamo mmoja mgumu: haikuchezesha mgeni. Mchezaji wake alipaswa kuwa Mreno au mzaliwa wa makoloni ya Ureno, na msimamo huo haukulegezwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo klabu iliyotaka kuwa kubwa bila kununua wachezaji Brazil wala Argentina ilielekeza macho Luanda, Lobito na Lourenço Marques. José Águas, nahodha na mfungaji wake, alizaliwa Angola. Joaquim Santana naye alizaliwa Angola. Serikali ya Salazar, mtawala wa Ureno, ilifurahia hali hiyo, maana ilikuwa ikiutangazia ulimwengu kwamba Ureno ni nchi moja kuanzia Minho hadi Timor, na timu yenye Wamsumbiji na Waangola waliovaa jezi nyekundu ilikuwa tangazo zuri kuliko hotuba yoyote.

Aliyewapokea ni kocha Mbrazili, Otto Glória. Huyu ndiye aliyeitoa Benfica kwenye soka la ridhaa. Wachezaji wakawekwa kwenye hosteli ya klabu, chakula chao kikapangwa, muda wao wa kulala ukasimamiwa, na mazoezi yakawa kazi ya kila siku. Tarehe 1 Desemba 1954 klabu ilifungua uwanja wake mpya, Estádio da Luz. Kwa hiyo Costa Pereira aliingia klabu ikiwa na kocha mpya, na miezi michache baadaye ikawa na uwanja mpya, na msimu wake wa kwanza ukaisha kwa namna ambayo Lisbon haijaisahau. Siku ya mwisho ya ligi ya 1954–55 Belenenses ilikuwa inaongoza na ilihitaji tu kuilinda nafasi hiyo dhidi ya Sporting ya Lisbon. Zikiwa zimebaki dakika 4, Sporting ikasawazisha. Benfica, iliyoshinda mechi yake, ikawa bingwa.

Inafaa tujue kipa wa enzi hizo alifanya kazi katika mazingira gani. Glavu za kisasa hazikuwepo, wengi walidaka kwa viganja vitupu au kwa soksi nyepesi za mikono. Mpira ulikuwa wa ngozi iliyoshonwa, na mvua ikinyesha ngozi ilifyonza maji, mpira ukawa mzito na wenye utelezi kwa pamoja. Straika aliruhusiwa kumsukuma kipa kwa bega mpira ukiwa mikononi mwake, na waamuzi waliiona kuwa sehemu ya mchezo. Kipa akiumia hakukuwa na mwingine wa kuingia: ama aliendelea kucheza na maumivu yake, ama mchezaji wa ndani alivua jezi yake akaenda kudaka. Kocha wa makipa, mtu ambaye leo hata timu zetu za daraja la kwanza zinaye, hakuwepo. Kipa alijifunza kwa kufungwa.

Costa Pereira alifungwa, akajifunza. Alikuwa mrefu, mwenye ujasiri wa kuzitokea krosi, na watu wa Lisbon walimjua kama kipa anayeweza kudaka mpira usiodakika kisha akaachia mpira mwepesi. Mwaka 1957 Benfica ilikuwa bingwa tena, na ikafika fainali ya Kombe la Kilatini mjini Madrid ambako Real Madrid iliishinda 1-0. Msimu uliofuata iliingia Kombe la Klabu Bingwa Ulaya kwa mara ya kwanza na kutolewa mapema na Sevilla. Ilikuwa klabu nzuri ya nyumbani ambayo huko Ulaya hakuna aliyeiogopa.

Hali hiyo ilibadilishwa na Béla Guttmann, Myahudi wa Hungary aliyenusurika mauaji ya Hitler na kufundisha mpira katika nchi nyingi kabla ya kutua Ureno. Alitoka Porto akajiunga na Benfica mwaka 1959. Aliamini katika kushambulia: wakifunga watatu, sisi tufunge wanne. Mtu akifikiri vizuri ataona falsafa hiyo inamtaka nini kipa. Timu inayopanda yote mbele inaacha nyuma uwanja mtupu, na mlinzi wa mwisho wa uwanja huo ni mtu mmoja.

Msimu wa 1960–61 Benfica iliitoa Hearts ya Scotland, kisha ikaifunga Újpest ya Hungary 6-2 Lisbon, kisha ikaitoa Aarhus ya Denmark. Nusu fainali ilikuwa dhidi ya Rapid ya Vienna. Lisbon ilikuwa 3-0. Vienna matokeo yalikuwa 1-1 dakika za mwisho, wenyeji wakadai penalti, mwamuzi akakataa, mashabiki wakavamia uwanja na mechi ikavunjika hapo hapo. Benfica ikaenda fainali.

Fainali ilichezwa mjini Bern, Uswisi, tarehe 31 Mei 1961, katika Uwanja wa Wankdorf. Wapinzani walikuwa Barcelona, timu iliyotoka kuwa ya kwanza kabisa kuitoa Real Madrid katika mashindano hayo. Mbele ya Costa Pereira walisimama Sándor Kocsis, Zoltán Czibor na László Kubala, Wahungary watatu waliokuwa hawazuiliki. Kocsis na Czibor walikuwa na deni na uwanja ule: ndipo walipopoteza fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1954 mbele ya Ujerumani Magharibi, 3-2.

Dakika ya 21 Kocsis akafunga kwa kichwa. Costa Pereira akauokota mpira wavuni. Dakika kumi baadaye Águas akasawazisha. Halafu ikaja dakika ambayo naona kila anayependa kuwatukana makipa angepaswa kuisoma mara mbili. Mpira wa juu, wa kawaida, ulielea kuelekea lango la Barcelona. Kipa wao, Antoni Ramallets, mmoja wa makipa wakubwa kuliko wote waliowahi kutokea Hispania, jua likamwingia machoni. Aligusa mpira, ukagonga nguzo, ukavuka mstari. Ikaandikwa kwamba kajifunga mwenyewe. Kipindi cha pili Coluna akaukuta mpira nje ya eneo la hatari, akaupiga kabla haujatulia, 3-1.

Yaliyofuata yalikuwa mvua ya mashambulizi. Czibor alirudisha moja dakika ya 75 kwa shuti la mbali. Kisha Barcelona ikagonga nguzo, ikagonga tena. Mpira mmoja uligonga nguzo ya upande mmoja, ukavuka mbele ya lango lote, ukagonga ya upande wa pili, ukarudi uwanjani. Mashabiki wa Barcelona mpaka leo wanaiita fainali ile fainali ya nguzo. Ni kweli nguzo zilimsaidia Costa Pereira. Lakini nguzo hazitoki kwenda kudaka krosi, wala haziwezi kujilaza miguuni mwa Kubala. Filimbi ya mwisho ilipolia matokeo yalikuwa 3-2, na kwa mara ya kwanza kombe lile lilikwenda kwa timu isiyo Real Madrid. Waafrika wa kuzaliwa waliokuwa uwanjani kwa upande wa Benfica walikuwa wanne: Águas na Santana wa Angola, Coluna na Costa Pereira wa Msumbiji.

Mwaka ule ule wa 1961 vita vya ukombozi vilianza Angola. Mwaka mmoja kabla, tarehe 16 Juni 1960, askari wa Kireno waliwaua watu waliokusanyika Mueda, si mbali na mpaka wetu. Wakati magazeti ya Lisbon yakichapa picha za kombe, meli zilikuwa zikipakia wanajeshi kwenda Luanda.

Septemba 1961 Benfica ilikutana na Peñarol ya Uruguay kuwania ubingwa wa klabu za dunia. Ilishinda 1-0 nyumbani, ikapigwa 5-0 Montevideo, na katika mechi ya tatu ya kuamua bingwa ikapoteza 2-1. Bao la Benfica siku hiyo lilifungwa na kijana wa miaka 19, Eusébio, aliyeitwa kwa haraka kutoka Lisbon. Kuanzia hapo timu ilikuwa yake.

Njia ya kwenda Amsterdam ilikuwa ngumu kuliko ya Bern. Nuremberg iliwafunga 3-1 Ujerumani, wakajibu 6-0. Nusu fainali walikutana na Tottenham, mabingwa wa Uingereza, wakiwa na Jimmy Greaves na Danny Blanchflower. Baada ya kushinda 3-1 Lisbon, Benfica ilikwenda London kulinda mabao mawili mbele ya uwanja uliojaa na kuimba tangu mwanzo hadi mwisho. Ilifungwa 2-1 na ikapita. Usiku ule krosi zilimiminika bila kukoma, na nguzo zikagongwa tena.

Kisha ikaja Real Madrid ya Alfredo Di Stéfano, Ferenc Puskás na Paco Gento. Dakika ya 18 Di Stéfano alitoa pasi ndefu kutoka nusu yake ya uwanja, Puskás akakimbia peke yake, akamfunga Costa Pereira. Dakika ya 23 Puskás tena, kwa shuti la mbali. Benfica ikasawazisha kupitia kwa Águas na Domiciano Cavém. Kabla ya mapumziko Puskás akafunga la tatu.

Hebu tumtazame kipa aliyeingia chumbani dakika zile. Amefungwa mabao matatu na mtu mmoja katika kipindi kimoja cha fainali. Kipa mwenye moyo mwepesi angerudi uwanjani akiwa ameshajifunga kichwani mwake. Costa Pereira alirudi, na katika dakika 45 zilizofuata Di Stéfano, Puskás na Gento hawakupata hata bao moja. Coluna akasawazisha, Eusébio akafunga kwa penalti, akafunga tena kwa mpira wa adhabu. Historia ikayaandika mabao ya Eusébio, na ni haki yake. Lakini 5-3 haiwi 5-3 kama kipindi cha pili kipa angefungwa kama cha kwanza.

Hazikupita hata siku sitini, tarehe 25 Juni 1962, wazalendo wa Msumbiji walikutana Dar es Salaam wakaunda FRELIMO, na Eduardo Mondlane akawa rais wake.

Oktoba ya mwaka huo Costa Pereira alikutana na Pelé. Santos ilikuwa imeshinda 3-2 Brazil, na Lisbon ilikuwa imejiandaa kusherehekea kupindua matokeo. Santos ikashinda 5-2, Pelé akafunga matatu. Maneno ambayo dunia ya mpira inayakumbuka kutoka kwa Costa Pereira ni ya usiku ule: kwamba alifika akitumaini kumzuia mtu mkubwa, akaondoka akiamini kwamba aliyemfunga hakuzaliwa katika sayari moja na sisi wengine. Kipa anayeweza kusema hivyo baada ya kufungwa matano nyumbani kwake ni mtu aliyejitambua.

Mwaka 1963 Benfica ilifika fainali tena, Wembley, ikafungwa 2-1 na AC Milan. Eusébio alitangulia kufunga, Coluna akaumizwa mguu akabaki uwanjani akichechemea, José Altafini akafunga mawili. Hayo yatosha kwa Wembley.

Turudi huku kwetu. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na matrekta yao kulima karanga kwa ajili ya kupata mafuta ya kula huko kwao. Walijenga nyumba, wakaleta tawi la reli kutoka Msagali, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Mvua za hapa si za kupangiwa ratiba na mtu wa London, na udongo wake ukikauka unakuwa mgumu kama saruji. Majengo yakabaki matupu. Mwaka 1964 serikali yetu iliwapa wapigania uhuru eneo hilo, penye kituo cha reli kilichotelekezwa, na FRELIMO ndio waliotangulia kupiga kambi, baadaye wakafuatiwa na wenzao wa Afrika Kusini, Namibia, Zimbabwe na Angola. Aliyepewa kuisimamia kambi ya FRELIMO alikuwa kijana aliyetoka kwenye mafunzo Algeria, Samora Machel. Vijana waliolala kwenye vumbi la Kongwa walikuwa wamevuka Ruvuma kwa miguu, na wengi walitoka kaskazini, upande ule ule wa Nacala na Mueda. Tarehe 25 Septemba 1964 risasi za kwanza za vita vyao zililia Chai, mkoani Cabo Delgado. Wazee wa Kongwa waliowaona vijana wale wakipita wanastahili kuulizwa na kuandikwa wangali hai.

Miezi minane baada ya risasi hizo, tarehe 27 Mei 1965, Benfica ilicheza fainali yake ya nne katika miaka mitano. Ilikuwa Milan, kwenye Uwanja wa San Siro, dhidi ya Inter, yaani Inter ilikuwa nyumbani kwake. Mvua ilinyesha kiasi kwamba uwanja uligeuka dimbwi. Costa Pereira alikuwa na miaka 35.

Dakika chache kabla ya mapumziko Jair, winga Mbrazili wa Inter, alipiga mpira wa chini, usio na nguvu kubwa. Kipa alishuka kuudaka. Ngozi iliyolowa ikateleza, mpira ukapita chini yake, ukaingia taratibu wavuni. Kwa lugha ya mtaani kwetu, katobolewa. Kipindi cha pili kilikuwa bado kichanga alipoumia na kushindwa kuendelea. Kubadilisha mchezaji hakukuruhusiwa. Germano, beki wa kati, akavaa jezi ya kipa, na Benfica ikacheza wachezaji kumi kwa zaidi ya nusu saa. Inter haikufunga tena. Mechi ikaisha 1-0.

Huo ndio mpira anaokumbukwa nao. Anayetaka kumhukumu kwa mpira ule anapaswa kwanza kuuweka kando ya mengine: uwanja wa maji, mwili ambao haukuumaliza mchezo, na ukweli kwamba washambuliaji wa Benfica, akiwemo Eusébio, hawakufunga hata moja usiku ule. Ukishindwa 1-0 wapo kumi waliokosa na mmoja aliyefungwa. Kwa nini yule mmoja ndiye abebe mzigo wote mpaka kaburini, sijawahi kupata jibu linaloniridhisha.

Mwaka uliofuata Ureno ilikwenda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza na kushika nafasi ya tatu. Coluna alikuwa nahodha, Eusébio alifunga mabao 9, na mabeki Hilário na Vicente walikuwa pia wazaliwa wa Msumbiji. Costa Pereira, aliyeichezea Ureno mara 22, hakuwa golini. Katika mechi nyingi lango lililindwa na José Pereira wa Belenenses. Mwaka 1967 alitundika daluga. Katika misimu yake Lisbon, tangu 1954 hadi 1967, Benfica ilikuwa bingwa wa Ureno mara 8.

Sisi tunao wetu wa kufananishwa naye. Mwaka 2003 Simba ilikwenda Cairo kuikabili Zamalek, waliokuwa mabingwa wa Afrika. Ilikuwa imeshinda 1-0 Dar es Salaam, ikafungwa 1-0 kule, zikaja penalti. Juma Kaseja, kijana wa miaka 18 kutoka Kigoma, akapangua, Simba ikashinda 3-2 na mabingwa wakavuliwa taji. Miaka iliyofuata Kaseja huyo huyo alizomewa, akaambiwa kachoka, akaachwa nje ya Taifa Stars. Agosti 2019, akiwa na miaka 34, alirudishwa golini Nairobi dhidi ya Kenya. Zikaja penalti tena, na Stars ikashinda 4-1. Kipa akipewa muda atarudisha alichopoteza. Costa Pereira hakupewa fainali nyingine.

Tarehe 25 Aprili 1974 wanajeshi wa Ureno, waliochoshwa na vita vya Afrika, waliipindua serikali yao. Tarehe 25 Juni 1975 Samora Machel, yule wa kambi ya Kongwa, alitangaza uhuru wa Msumbiji mbele ya umati kwenye Uwanja wa Machava. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1968 ukiwa na jina la Salazar, na ni uwanja wa Ferroviário, klabu ile ya reli ambayo Costa Pereira aliilindia lango kabla hajaenda Lisbon. Coluna aliishi katika Msumbiji huru, akaongoza shirikisho lake la soka, na alifariki Maputo mwaka 2014. Eusébio alibaki Lisbon, akafariki wiki chache tu kabla ya Coluna.

Hapa kwetu vijana wakipanga timu jioni, anayepelekwa golini ni yule asiyejua kupiga chenga, au mdogo kuliko wote. Ningependa walimu wa shule zetu za Kongwa wabadilishe hilo, wachague mtoto mwenye macho makali na moyo mgumu, wamfundishe kuanguka bila kuumia na kuzitokea krosi bila woga, na akifungwa kizembe wamrudishe golini mechi inayofuata.

Costa Pereira alifariki tarehe 25 Oktoba 1990, akiwa na miaka 60. Miezi mitano kabla, Benfica ilikuwa imepoteza fainali nyingine ya Ulaya, mjini Vienna, kama ilivyopoteza ya 1968 na ya 1988. Wapo wanaosimulia kwamba Guttmann, aliyeondoka baada ya Amsterdam kwa kunyimwa nyongeza ya mshahara, aliilaani klabu hiyo isichukue tena kombe la Ulaya kwa miaka mia. Mimi nashikilia kilichoandikwa kwenye vitabu vya matokeo: Benfica imelishinda Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mara mbili tu katika historia yake yote, na mara zote mbili aliyekuwa golini ni mzaliwa wa Nacala.